Dirisha Linalotumia Umeme

Mshonaji alitunga uzi kwenye sindano akiwa amesimama mlangoni, kwa sababu mlangoni ndiko kulikobaki mwanga. Kisha alirudi kwenye cherehani, akashona kwa kupapasa mpaka uzi ukakatika, akainuka tena. Suruali za sare za walinzi ndizo zilizomtesa zaidi. Kitambaa cheusi, uzi mweusi na chumba cheusi havikuliachia jicho mahali pa kushika.

Chumba kile kilikuwa na dirisha. Mwenye nyumba aliliziba alipojenga ngazi ya nje ya kupandia vyumba vyake vipya. Wapangaji walimwita Mjomba kwa kuwa yeye mwenyewe alisisitiza aitwe hivyo. Hakuwa mjomba wa mtu yeyote mle ndani. Mshonaji alimweleza kwamba ana pumu na kwamba chumba kisichopitisha hewa kitamuua. Mjomba alimsikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, na kesho yake akamletea televisheni kubwa aliyokuwa ameichoka nyumbani kwake, pamoja na deki ya video, amplifaya ya sauti na spika.

"Si ulitaka kitu cha kuangalia, mwanangu?" alisema. "Hiki kina mengi kuliko dirisha."

"Nilitaka kupumua."

"Utazoea."

Vijana wake waliitundika televisheni kwenye ukuta mpya, pale pale dirisha lilipokuwa. Saruji ilikuwa haijakauka vizuri, kwa hiyo misumari iliingia bila taabu.

Mdogo wake mshonaji alikuwa mpiga video wa harusi. Asubuhi ile waashi walipotarajiwa kuja kuliziba dirisha, aliazima kamera bora kuliko zote za ofisini kwake, akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha la dada yake, akarekodi mtaa hadi waashi walipofika na kumwambia aondoe kitu chake. Alirekodi kwa muundo mpya, ule unaohifadhi mwanga wote, kuanzia jua lenyewe hadi kivuli kilicho chini ya gari, na unaoweka kila sauti mahali ilipotokea. Watu walidhani alitaka kumbukumbu. Alikuwa amerekodi kwa hasira, na hasira hiyo hakujua aipeleke wapi mpaka televisheni ilipotundikwa.

Deki iliikataa video. Iliandika kwamba faili halitambuliki. Mdogo mtu akasasisha programu ya deki, na mtaa ukaanza kusikika, lakini kioo kikabaki cheusi. Akarekebisha tena, picha ikaja, sauti ikaondoka. Vilipopatikana vyote viwili, nyuso za watu zilikuwa za zambarau. Zambarau ilipokwisha, kila kitu kikapauka.

"Kitambaa cha rangi hiyo ningekirudisha dukani," alisema mshonaji.

"Tatizo ni waya, dada."

"Jana ulisema tatizo ni deki."

"Jana ilikuwa deki. Deki imepona, sasa waya ndio unaumwa."

"Na kesho?"

"Kesho nadhani amplifaya."

Ilikuwa kama alivyosema. Waya wa zamani ulikuwa mwembamba mno kwa mwanga mwingi namna ile, akaubadilisha. Deki nayo ilikuwa inaifungua sauti yenyewe na kuibana yote katika spika mbili. Akaiamuru iipitishe kama ilivyo, ifunguliwe na amplifaya inayojua kazi hiyo. Akatundika spika nyingine darini. Mwisho akazima mbwembwe zote za televisheni za kurembesha picha, kwa maana televisheni ile ilikuwa na tabia ya kurembesha bila kuombwa.

Vyombo vyote vilipokubaliana, upepo ukaingia.

Vipande vya karatasi za vipimo viliruka kutoka mezani. Mshonaji aliviokota, akavigandamiza kwa mkasi. Jua lilitoka kwenye kioo likatua juu ya cherehani, kisha juu ya mikono yake. Akaketi, akachukua sindano, akaitia uzi mara moja. Alivuta pumzi, nayo ikashuka hadi ilipopaswa kufika.

"Punguza kidogo," alisema. "Vumbi la barabarani linaingia kwenye vitambaa."

"Halipunguziki. Huu ni muundo kamili."

Akafunika vitambaa kwa shuka, akaendelea kushona.

Tangu siku hiyo, nje ya dirisha ikawa ni asubuhi ile moja. Ng'ambo ya barabara, mwanamke aliyekuwa amekwisha kuhama kwa sababu ngazi ya Mjomba ilimchungulia hadi ndani alianika taulo kwenye roshani yake. Mshonaji alimsalimu, naye akajibu kwamba hawajambo ila maji yamekatika. Mshonaji alimpa pole kila siku, na kila siku pole hiyo ilipokelewa vizuri.

Shida ilikuwa mwisho wa video. Muundo ule haukukubali kurudishwa nyuma wala kukatwa. Ulianza mwanzo ukaenda hadi tamati, na tamati yake ilikuwa mwashi. Siku ya kwanza mshonaji alikuwa ameinamia zipu, hakumwona. Mwashi alijenga hadi juu. Video ilipoanza upya ilianzia kwenye ukuta, na mdogo mtu alilazimika kufuta kila kitu na kuanza tena na deki, waya na amplifaya.

Siku iliyofuata mshonaji alimsubiri. Mwashi alipoweka tofali la kwanza kizingitini, mshonaji alinyoosha mkono, akalitoa, akaliweka sakafuni. Lilikuwa zito, lenye saruji mbichi upande mmoja.

"Mama, hilo ni la kazi," alisema mwashi.

"Najua ni la kazi. Usijenge."

"Mimi nimetumwa tu."

"Na mimi naishi humu."

Mwashi alitafakari. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kofia iliyochakaa ukingoni. "Yote mawili ni kweli," alisema, akaweka lingine.

Mshonaji alilitoa na hilo. Walifanya kazi hiyo, mmoja akiweka na mwingine akitoa, mpaka video ikaisha na taulo zikaanza kuanikwa upya. Ikawa ndiyo desturi. Alijaribu pia kumrushia mwashi matofali yake, lakini mwashi alishukuru na kuyapanga, kwa hiyo akaacha. Matofali yalijaa nyuma ya mlango, kisha yakatoka nje, yakasimama kando ya korido.

Umeme ulipokatika, dirisha lilizimika. Hakuna aliyelifikiria jambo hilo. Mshonaji alikuwa katikati ya pindo la sketi, na ghafla chumba kikawa kama kabati lililofungwa. Alitafuta dawa yake ya kuvuta kwa vidole, akaipata, ikawa haitoshi. Alitambaa hadi kwenye korido. Mdogo wake alimkuta ameegemea matofali, midomo ikiwa na rangi ya majivu, akivuta hewa kama mtu anayenyonya maji kwenye kitambaa.

Mshonaji alipopata nguvu alikwenda ofisi za manispaa, akaomba jambo moja tu: ukuta ubomolewe, dirisha lake lirudi.

Mkaguzi wa majengo alikuja na futi yake ya chuma. Mjomba alifuatana naye. Umeme ulikuwepo. Mkaguzi alipima urefu na upana wa televisheni, akalowesha kidole kwa ulimi, akakiinua mbele ya kioo.

"Upepo upo," alisema. "Wa wastani."

"Zima umeme uone."

"Sikuja kukagua umeme, mama. Sheria inataka kila chumba kiwe na uwazi wa kupitisha hewa na mwanga. Uwazi ninauona."

"Nyuma yake kuna ukuta. Gonga."

Mkaguzi aliingiza kichwa kwenye kioo hadi mabegani, akatazama kushoto na kulia. Alisikika akisalimiana na mtu. Alipotoka alipangusa vumbi kwenye kola.

"Nyuma yake kuna mama anaanika taulo," alisema. "Anasema maji yamekatika. Mimi ukuta sijauona, na siwezi kuandika nisichokiona."

"Uligusa kila kitu isipokuwa ukuta," mshonaji alisema. Hakupaza sauti. Mkasi ulikuwa mkononi mwake, na mdogo wake akausogeza taratibu hadi ukawa mkononi mwake yeye.

Mkaguzi hakuondoka mikono mitupu. Aliona kosa moja: matofali yalikuwa yanaziba njia. Yalipaswa kuondolewa mara moja.

"Nitayaondoa mimi," alisema Mjomba. "Asisumbuke, mgonjwa huyu."

Alileta mkokoteni jioni ile ile. Matofali yalikuwa mapya, yametoka katika asubuhi ile ile ya video. Kwa matofali hayo, na kwa uamuzi wa mkaguzi uliokwisha kutolewa, Mjomba alianza kuziba madirisha ya wapangaji wengine. Alihitaji kuta zao za nje kwa ajili ya ngazi nyingine, stoo, na mabango ya biashara. Alianza na mwalimu wa ghorofa ya juu, akafuatia kinyozi, akafuatia dada wawili waliopanga chumba cha pembeni. Kila aliyezibwa alipewa televisheni.

Mdogo mtu aliitwa azitengeneze. Alikataa. Alisema hatashika waya hata mmoja wa Mjomba. Mwalimu akaja kumwona, akasimama mlangoni akijipepea kwa daftari.

"Mke wangu amejifungua juzi," alisema. "Kanuni zako ni nzuri, ndugu yangu. Tutaziweka wapi mle ndani? Hakuna nafasi, hata hewa haienei."

Mdogo mtu akaenda. Alizitengeneza zote, moja baada ya nyingine, akitukana chini kwa chini katika kila chumba. Wote aliwapa video ile ile, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwepo. Madirisha mengine yalizibwa bila mtu kuyarekodi. Jengo zima likawa na mandhari moja. Mwanamke wa ng'ambo akawa anasalimiwa na vyumba vyote kwa pamoja, na taulo zake zikachelewa kuanikwa.

Wapangaji walikasirika, kisha wakatafuta mtu wa karibu wa kumkasirikia.

"Matofali yametoka kwako, dada," kinyozi alimwambia mshonaji kwenye korido.

"Yaliingia kwangu kwanza."

"Lakini wewe ndiye unayeyatoa."

"Nisipoyatoa nitakufa."

"Sisemi ufe," alisema kinyozi. "Nasema tu yametoka kwako."

Maneno hayo yalimuuma kuliko alivyotaka kukiri. Kesho yake aliketi mbele ya dirisha, akakunja mikono, akamwacha mwashi ajenge. Mwashi alimtazama mara kadhaa, kama mtu anayesubiri mwenzake wa kazi aliyechelewa. Tofali lilipanda juu ya tofali. Upepo ukapungua, kisha jua, kisha sauti ya barabara. Kifua chake kilianza kulia filimbi. Mdogo wake alitoka kazini akamkuta amelala juu ya sare za walinzi, na mwashi amebakiza nafasi ya kichwa cha mtu. Aliyang'oa matofali kwa mikono yote miwili, saruji ikamjaa hadi viwiko.

"Ndugu, si ungeacha kujenga?" alimwuliza mwashi. "Si unaona mtu anakufa?"

"Naona," alisema mwashi. "Nimetumwa tu."

Mshonaji alipoweza kusimama alikwenda hadi kwa Mjomba. Alimkuta ng'ambo ya barabara, mahali palipokuwa na roshani ya taulo. Nyumba ile ilikuwa imevunjwa, na mkokoteni baada ya mkokoteni ulimwaga matofali kwenye kiwanja. Sasa kila mpangaji alikuwa anatoa yake kila siku, na hapakuwa na haja ya kununua hata moja.

"Bomoa ukuta wangu," alisema.

"Ukuta upi, mwanangu?"

"Ule uliojenga kwenye dirisha langu."

"Pale ni dirisha. Serikali imesema." Mjomba aliongea polepole, kwa upole anaopewa mtu aliyeugua. "Unataka nikubomolee dirisha? Na pumu yako yote hiyo?"

Kando yake alisimama mchoraji wa majengo, karatasi za ramani ya jengo jipya zimetandazwa juu ya rundo la matofali. Mshonaji alizitazama. Alikuwa amezoea kusoma michoro ya nguo, na huo wa nyumba haukumpa taabu. Palikuwa na vyumba vingi, vidogo, vinavyofanana.

"Madirisha yako wapi?" aliuliza.

"Tumeweka soketi," alisema mchoraji. Alimwonyesha kwa kalamu, moja katika kila chumba.

"Na umeme ukikatika?"

"Hilo ni la watu wa umeme, mama."

Mjomba alikumbuka jambo. Kila televisheni ya jengo jipya ingehitaji pazia, ili wapangaji waweze kulala wakati nje ni asubuhi. Kazi hiyo alitaka aipate mtu wa nyumbani. Angempa mshonaji mapazia yote, ayashone pale pale chumbani kwake, penye mwanga mzuri.

Mshonaji alimjibu. Alimjibu kirefu, mbele ya mchoraji, mbele ya wasukuma mikokoteni, kwa maneno ambayo mdogo wake alimwomba baadaye asiyarudie. Mjomba aliyasikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, akamwagiza mtu akatafute mshonaji mwingine.

Mshonaji alirudi chumbani kwake. Alikuwa bado na mengi ya kusema, na alianza kuyasema kwa mdogo wake akiwa amesimama. Hakuyamaliza. Mwashi alikuwa ameshaweka tofali la tatu.