Wageni wa Mguu wa Aloo

Zamu ya kikundi cha maombi ilipofika nyumbani kwangu, nilimwuliza binti yangu Aloo kwanza. Hapa Kaloleni hatuna tabia ya kuwauliza watoto mambo kama hayo, lakini mguu ni wake, na maombi yenyewe yangekuwa ya mguu.

"Mama Pasta atakuja?" akauliza.

Nikamwambia huwezi kualika kikundi ukamwacha mke wa pasta nje. Akaendelea kupitisha pamba juu ya vidole vya mguu wake taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga.

Mwaka jana Aloo aliteleza shuleni akavunjika kifundo cha mguu. Akafungwa plasta, mfupa ukaunga, picha ikaonyesha hakuna kasoro. Maumivu ndiyo yalikataa kuondoka. Shuka likimgusa, ni moto. Upepo wa dirishani, ni moto. Soksi usiitaje. Na ukiutazama mguu wenyewe ni mzuri, hauna hata kovu, kwa hiyo watu wakasema anadeka kwa sababu hana baba.

Hospitalini tulimpata Zeituni, msichana wa mazoezi ya viungo, mpole lakini habembelezeki. Alisema ni mishipa ya fahamu. Iko kama mbwa aliyepigwa na mwizi siku moja, na sasa anabweka hata mwenye nyumba akiingia. Mbwa huyo si mwongo, ameogopa tu. Dawa atakunywa, lakini pia lazima azoeshwe wageni polepole: pamba kwanza, halafu kitambaa laini, halafu taulo. Anayesema imetosha ni Aloo, si mimi wala daktari. Kabla hatujafika nyumbani, Aloo alikuwa ameshaupa mguu jina la mbwa. Simba.

Sasa, kanisani kwetu mgonjwa huwekewa mikono, na mkono huwekwa palepale panapouma. Mama Pasta, ambaye jina lake ni Nekoye, ana mkono mzito na imani nzito zaidi. Jumapili moja alimwita Aloo mbele akamshika mguu. Mtoto akapiga yowe. Kanisa likashangilia, kwa maana kwetu yowe ni dalili kwamba kitu kibaya kinatoka, na Nekoye akakaza zaidi. Nilitoka kwenye kiti changu nikaufungua mkono ule kidole kimoja kimoja, huku kwaya ikiimba.

Tangu siku hiyo Aloo hakutia mguu kanisani, nami nikawa nasalimiwa kwa ncha za vidole. Iliniuma. Mume wangu Opondo alipofariki, wanawake wa kikundi ndio waliolala sakafuni kwangu mpaka nikaweza kula. Nilimwomba Mungu asinichagulishe kati yao na mtoto wangu. Lakini kama Aloo angesema hataki, ningewakataza wasije, na nilijua hawangerudi tena.

"Waje," akasema mwishowe. "Lakini Simba ni mbwa wangu."

Alhamisi wakaja na vitambaa vyao vyeupe vya kichwa. Benta, jirani yangu, alitangulia kwa sababu alikuwa amenusa samaki kutoka kwake. Nekoye aliingia mwisho, akakaa karibu na mlango, mkoba mapajani. Aloo alikuwa kwenye kochi, mguu wazi juu ya mto. Mimi nilisimama mahali ninapouona uso wake. Maumivu yakianza, nyusi yake ya kushoto hupanda kabla hajasema neno.

Kabla ya wimbo wa kwanza, Aloo akawatangazia kwamba leo hakuna anayemgusa Simba kabla hajajua inavyokuwa. Kila mama avue kiatu kimoja. Wakanitazama mimi, na mimi nikatazama ukuta. Benta akavua. Aloo akampa unyoya wa kuku ajipitishie kwenye unyayo, naye akaruka hadi goti likagonga meza, chai ikamwagika. Akasema kama huo ndio ugonjwa, yeye angekuwa ameshakufa. Mwingine alikataa katakata kuvua, akasingizia baridi, tukagundua baadaye kwamba soksi ilikuwa imetoboka kisigino. Tulicheka hadi maombi yakakosa adabu.

Kisha wakapita mmoja mmoja na pamba, kila mmoja akiomba kwa sauti ya chini huku akimpapasa Simba. Aloo akisema inatosha, mkono unatoka. Benta alifukuzwa mapema, akaambiwa anamtekenya mbwa.

Akabaki Nekoye. Hakuinuka.

"Mimi sijui kuomba bila mkono," akasema.

Nilitaka kumwambia aache tu, Mungu anasikia hata mtu akiwa mlangoni. Nikamwangalia Aloo. Nyusi ilikuwa imetulia.

"Leta kidole kimoja," Aloo akasema. "Hapa. Nikisema inatosha unatoa, hata kama hujafika amina."

Sote tulijua maombi ya Nekoye. Huanza na Adamu, hupitia kwa manabii wote, na akifika kwetu wali umeshaganda. Akapiga magoti. Akaweka ncha ya kidole kwenye dole gumba la Simba. Nyusi ya mtoto ikaanza kupanda. Nikakaza mikono yangu nyuma.

"Bwana, huyu mtoto hasemi uongo. Amina."

Akatoa kidole kabla hajaambiwa.

Benta akauliza kama yamekwisha, kwa sababu yeye ndiyo kwanza alikuwa anafumba macho. Nyumba ikalipuka kwa kicheko, na Aloo ndiye aliyecheka zaidi.

"Siku ile nilikuumiza," Nekoye akamwambia.

"Sana."

"Pole, mama yangu."

Aloo akamsogezea sahani ya samaki.

Maumivu hayakwisha. Jioni hiyo alikunywa dawa yake akalala bila shuka kama kawaida. Lakini Jumapili aliniambia nimtafutie kiti cha pembeni, akaingia kanisani akichechemea, kiatu kimoja mguuni, Simba akiwa peku. Kulikuwa na mhubiri mgeni kutoka Awasi. Katikati ya ibada akamwona, akashuka jukwaani mikono mbele, akiuliza ni mguu gani. Aloo akanishika gauni. Nilikuwa bado nainuka nilipomwona Nekoye ameshasimama kwenye njia kati ya viti, mwili wake wote ukiiziba.

"Huyu anaombewa kutoka mbali," akamwambia.

Mhubiri akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakukuwa na pa kupitia. Akatia mikono mfukoni, akaomba.