Mate ya Basilia Canul

Asubuhi ile Basilia Canul alitoka msituni kutambika. Alikuwa amewawekea wenye msitu wasioonekana kibuyu cha saka, kinywaji cha mahindi cha kuwaalikia, na kilichobaki akakinywa mwenyewe, maana kumwaga mahindi ni dhambi. Kisha akaenda zahanati kutema mate.

Mtaalamu wa vinasaba kutoka mji wa Mérida, Daktari Lucía, alikuwa amekataza watu wasile wala kunywa kabla ya kupimwa asili yao kwa mate. Basilia alisema hajatia kitu mdomoni. Kwao saka haihesabiwi kuwa chakula. Ni mwaliko tu.

Akatema kwenye kichupa. Humo akatoka mama yake, marehemu, na mtandio wake.

"Wewe Basilia! Umeniita na hata meko hujawasha?"

Nyuma yake akatoka bibi, na mama wa bibi, na mama wa huyo, mmoja ana makovu ya ndui, mwingine ya mijeledi ya shamba la katani, mpaka foleni ikafika uwanja wa mpira. Wote walikuwa na pua ya Basilia. Muuguzi akaenda kuazima viti.

"Sampuli imechafuka," alisema daktari, akiwapisha mlangoni. "Ila majibu yako wazi."

Basilia alicheka mpaka akashika ukuta. Don Anselmo, aliyezungushia uzio shamba na kisima chao, alikuwa akiapa mahakamani kwamba wenyeji wa kale walikwisha wote kwa ndui, na wanakijiji ni watu wa kuja. Siku za mwizi ni arobaini, na ya Don Anselmo imefika!

Wakaenda mahakamani wakicheza, wakitaniana njia nzima. Hakimu aliwaamkia mmoja mmoja, akakubali kwamba ukoo haujakatika tangu kabla ya Wahispania. Halafu akauliza nani ana hati.

"Hati ya nini, mwanangu?" bibi wa kale kabisa akamjibu. "Mlipokuja mlitukuta tunateka maji."

"Hilo limethibitishwa, bibi. Ila hati anayo Don Anselmo, na kisima ni chake."

Jioni Basilia alikuwa na wageni wa kulisha, na mahindi hayachemki bila maji. Ukoo mzima ukajipanga nje ya uzio na ndoo, ukiangua vicheko, bibi wa kale kabisa mbele kwa heshima ya umri wake, wakimngoja mlinzi wa Don Anselmo amalize kula aje awafungulie.