Nafasi Kando ya Odile

Mume wangu, Théodule Marsac, aliandika kwamba hakuna mfalme wala askofu mwenye haki ya kumwingilia mtu katika mambo ya moyo wake. Kitabu chake kilichomwa moto hadharani mjini Dijon, na tangu siku hiyo kila mtu akataka kukisoma. Mabwana wa Paris ambao zamani wasingemjibu hata salamu wakaanza kumwita mwalimu. Nyumba yetu ya Vaurenne ikawa mahali pa kuhiji, nami nikawa mpishi wa mahujaji wasiomwamini Mungu. Walikula jibini langu, wakanywa mvinyo wetu, wakazungumzia uhuru mpaka masikio yakaniwasha. Hakuna hata mmoja aliyeinuka kuniongezea kuni motoni.

Tulijaliwa mtoto mmoja tu, Odile. Ndui ilimchukua angali mdogo, na Padri Goubert akamzika kwenye makaburi ya kanisa, chini ya ule ukuta unaopata jua. Kando yake zikaachwa nafasi mbili, yangu na ya baba yake. Théodule hakukanyaga tena kanisani. Lakini kila Jumapili, watu wakiwa kwenye misa, yeye alikuwa amechutama pale kaburini aking'oa magugu na kunung'unika peke yake. Padri alijua, na hakumfukuza.

Baridi hii iliyopita kifua kikambana. Daktari alimsikiliza, akatikisa kichwa, akaomba supu. Nikajua mambo yameharibika. Na kwetu jambo hili halina mjadala: mwandishi aliyelaaniwa na Kanisa, asipokana maandishi yake kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya padri, hazikwi kati ya Wakristo. Anapelekwa mtoni, kwenye shimo la wachuna ngozi, anamwagiwa chokaa pamoja na mizoga ya farasi.

Habari za ugonjwa zilifika Paris. Mwanafunzi wake mpendwa, Fabien Delorge, akaja mbio na mwenzake mmoja mnene aitwaye Courtin. Walivuta viti, wakakaa pande zote mbili za kitanda.

"Tumekuja kumlinda, mama," Fabien aliniambia.

"Kumlinda na nani?"

"Na udhaifu. Wakati huu ndipo makasisi huwavizia watu wakubwa. Mwalimu akitikisika leo, kazi yake yote imekwisha."

"Anayetikisika ni mgonjwa, baba. Nipishe nimbadilishie shuka."

Siku ya tatu, mchana, nikachinja kuku. Harufu ya mchuzi iliwashusha wote wawili jikoni. Nilipopanda juu na maji ya moto, Théodule alikuwa macho.

"Perrine. Wale kunguru wako wapi?"

"Wanamla kuku wako."

"Courtin kapata paja?"

"Yote mawili."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, nami nikamshika mpaka kilipotulia. Kisha akasema, "Lile shimo linanuka. Nimelipita mara nyingi. Nilidhani sitajali."

"Usiseme hivyo."

"Odile alikuwa anaogopa kulala peke yake. Unakumbuka? Alikuwa anakuja kutukanyaga miguu usiku." Akanitazama. "Kamlete Goubert."

"Utayasema anayoyataka?"

"Nitasema hata punda ana mbawa. Anilaze tu kando ya mtoto."

"Na kitabu?"

"Kitabu kiko mikononi mwa watu, hakinihitaji tena. Nenda, mke wangu."

Nilishuka, nikachukua shali. Fabien aliinua uso kutoka kwenye sahani. "Waenda wapi, mama?"

"Kuchukua maziwa."

Nikatoka. Nilikuwa nimefika kisimani nilipogundua sina ndoo mkononi. Nilisimama, nikafikiria kurudi. Nikajiambia, watu waliozoea kuhudumiwa hawawezi kujua kwamba maziwa huchukuliwa kwa ndoo. Ulikuwa ujinga wangu mtupu.

Padri Goubert hakuuliza maswali. Alivaa stola, akabeba mafuta ya wagonjwa, tukaenda tukiteleza juu ya barafu. Mlango wangu ulikuwa umefungwa kwa komeo. Nikaugonga kwa ngumi.

Dirisha la juu likafunguliwa. "Padri, hapa huna kazi," alisema Fabien.

"Mgonjwa ameniita."

"Mgonjwa ana homa, anaweweseka."

"Fabien, fungua!" nilipiga kelele. "Hii nyumba yangu!"

"Mama, iko siku utanishukuru. Ulaya nzima inamtazama."

"Ulaya haikuzaa naye mtoto! Fungua, mshenzi wewe!"

Ndipo tukaisikia sauti ya Théodule kutoka ndani, inakwaruza, imejaa kohozi. "Goubert! Goubert!"

Nilimshika padri mkono. "Umesikia! Amekuita! Sema umesikia!"

Padri alikuwa amepauka. "Nimesikia ameniita, Perrine. Kuniita si kukana. Lazima niyasikie maneno yenyewe, na mashahidi wawili. Askofu ataniuliza."

"Mwambie askofu aliyasema."

"Siwezi kusema uongo."

Yule wa juu hakuweza kufungua, huyu wa chini hakuweza kusema uongo. Nilipiga ule mlango mpaka damu ikanitoka vidoleni. Ndani kikohozi kiliendelea, kikapungua, kikanyamaza.

Mwishowe Fabien alifungua. Alikuwa analia kama mtoto, machozi ya kweli, sitamsingizia. "Amekufa mtu huru," alisema. Nilimtemea mate usoni. Akajifuta na kitambaa, akaniambia ananielewa.

Mkokoteni wa wachuna ngozi ulikuja kesho yake. Hawakuniruhusu kusogea karibu na shimo.

Sasa kitabu kimechapwa upya, na mbele yake yamewekwa maneno ya mwisho ya Théodule Marsac: "Msimfungulie." Wageni wamezidi kuliko zamani. Mwezi uliopita alikuja bibi mmoja mwenye glavu za hariri, akanishika mikono, akaniomba nimsimulie kwa kinywa changu alivyosema mwalimu.

"Alisema, kamlete Goubert," nikamjibu.

Aliangua kicheko. "Kumbe mzaha wake aliupata kwako!"

Nimeacha kubishana nao. Nawapa jibini, wanakwenda zao.

Jumapili naenda mimi kung'oa magugu. Juzi Padri Goubert alinikuta pale, akaniambia kwa upole nisiwe na wasiwasi, nafasi yangu ipo. Najua ipo, naiona. Nitalala kando ya Odile, na baba yake atabaki kule mtoni peke yake, na mtoto akiniuliza yuko wapi, sina la kumjibu.