Kaa la Moto la Yule Msichana

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba hakai tena. Katika gemu la kwanza, ukiweka pedi ya kuchezea chini, yule msichana wa kwenye skrini alikaa juu ya jiwe, akapanga nguo yake magotini, akatazama ukungu. Katika hili la pili alisimama tu, kama mtu anayengoja kutumwa.

Kaka yangu Amoni alikuwa amelileta asubuhi hiyo kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na benchi la kibanda chetu cha gemu lilikuwa limejaa wateja. Nje malori yalinguruma kwenye foleni ya mpaka, mabati yakatetemeka taratibu, hadi ukadhani ni ukungu wa kwenye TV unaotetemeka.

Gemu la kwanza lilikuwa na maandishi ya Kijapani. Hakuna aliyeyajua, si mimi niliyeishia darasa la tano, si Jairo, mteja wetu anayesoma sekondari. Basi nilisimulia mimi. Sauti yangu haitoki mbele za watu, lakini pale wote walitazama skrini. Msichana alibeba mwanga mdogo kiganjani, na mimi niliujua. Kwetu Ileje moto ukizimika, mtoto hutumwa kwa jirani kuomba kaa, arudi nalo kabla halijafa. Nikawaambia: ametumwa moto, mama yake yuko kwenye baridi. Tangu hapo hata madereva wa malori waliokuja kucheza walivuka ule ukungu wakinong'ona, "Polepole, litazimika."

Hili la pili lilikuwa la Kiingereza. Msichana aliongea. Nilipofungua mdomo, Amoni akasema, "Tumpe, ngoja kwanza, tusikie."

Jairo akasogea karibu na TV, akasoma kwa kidole.

"Ule mwanga ni silaha," akasema. "Ya mfalme. Anaipeleka vitani."

"Silaha? Acha uongo," akadakia mmoja wa benchini.

"Imeandikwa hapa, kaka. Tangu gemu la kwanza ilikuwa silaha."

Benchi likaangua kicheko. "Da Tumpe, kumbe ulitulisha matango pori!"

"Na yule mama wa kwenye baridi? Si keshaganda!"

Nilicheka nao. Sikusimulia tena siku ile, wala zilizofuata.

Lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo. Maji yake yalikuwa maji. Nyasi zililala upepo ulipopita, na msichana akitembea juu ya mto unamwona mwenzake chini, kichwa chini miguu juu, wakikanyagana nyayo. Siku walipolimaliza, aliurusha ule mwanga, skrini ikawa nyeupe, kibanda kizima kikawa cheupe, nyuso zetu zikaelea humo bila miili.

Hakuna aliyenong'ona chochote.

"Da Tumpe," Jairo akauliza, "wewe unaonaje? Hili limelifikia lile la kwanza?"

Wote wakageuka kunitazama.

"Yote mazuri," nikasema, nikachukua ufagio.

Nilichotaka kusema ni hiki. Hapana, Jairo, halijalifikia. Hili ni la yule mfalme. Lile letu lilikuwa na mtoto njiani na mama anayengoja, na sisi sote tulishika pumzi kaa lisizimike. Mwendelezo wake haujatengenezwa Japani wala popote. Ninao mimi. Mngeniambia tu, "Tumpe, sema," ningewafikisha mlangoni kwa yule mama.