Bawa la Kulia

Mkono wa kulia wa Sodnom ulipanda hadi usawa wa kifua, ukagoma. Ukutani mbele yake Narmandakh, mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali ya wilaya, alikuwa amechora alama za penseli, moja juu ya nyingine, mpaka karibu na dari. Ile ya chini ilishafifia kwa kuguswaguswa. Za juu zilikuwa mpya kama siku zilipochorwa.

"Inua, kaka Sodnom."

"Nainua."

"Huinui. Unaukodolea macho tu."

Farasi alimwangusha wakati wa baridi, bega likateguka. Lilirudishwa, likapona, na Narmandakh akiushika mkono ule yeye mwenyewe aliupandisha hadi juu bila taabu. Lakini Sodnom akiambiwa auinue, ulikuwa mbishi kuliko mbuzi anayeburutwa mvuani. Alilalamika kwamba mkono huu si wake tena, ni wa mtu fulani mwenye kinyongo naye. Narmandakh hakucheka. Alimuuliza zamani ulikuwa na kazi gani. Sodnom akaliona swali la kitoto, akajibu kwamba ulikuwa mkono, ulifanya kazi za mikono.

Kilichomnyima usingizi si kuchota maji wala kutandika farasi. Naadam ya wilaya, sikukuu ya mieleka na mbio za farasi, ilikuwa imekaribia, na Sodnom alikuwa mwanamieleka. Kwa wanamieleka wa huko, kumbwaga mwenzako hakumalizi kazi. Aliyeanguka hufungua kamba za koti lake, akainama, akapita chini ya mkono wa kulia wa mshindi. Hapo kinyongo huisha, na mshindi huruka kama tai kuizunguka bendera. Bila hilo ushindi hubaki nusu, tena aibu huwa ya wote wawili.

Luvsan, mshindani wake tangu ujana, alimkuta mbele ya hema akinywa maziwa ya farasi yaliyochacha. Akajikaribisha bakuli, akafuta masharubu.

"Nasikia umejiandikisha, bwana wee."

"Umesikia vizuri."

"Haya. Sasa ukiniangusha, maana kuota hakuna kodi, mimi nitapita chini ya nini? Chini ya ndevu zako?"

Majirani walicheka mpaka mbwa wakabweka. Sodnom naye alicheka, lakini maneno yale yalimchoma, na jioni hakula.

Siku ilipofika, kwa mkosi au kwa bahati, mechi yake ya kwanza ikawa na Luvsan. Waliingia uwanjani wakicheza ngoma ya tai kama ilivyo desturi, Luvsan kwa mabawa mawili, Sodnom kwa moja. La pili lilining'inia tu. Watu waliomjua walitazama milimani. Narmandakh, aliyesimama nyuma ya kamba na mwavuli wake, alimtazama yeye.

Walishikana. Luvsan hakumhurumia, na hiyo ndiyo heshima. Alilikamata bega bovu, akalisukuma kwa nguvu zake zote. Sodnom hakupanga lolote. Nyonga yake iligeuka, mguu ukanasa mguu, na alipokuja kuelewa anafanya nini, Luvsan alikuwa tayari amepiga magoti kwenye majani, na goti likigusa chini umeshindwa. Mwili ulikuwa umejua kabla yake.

Luvsan aliinuka, akafungua kamba za koti, akainama mbele yake.

Sodnom akautazama mkono wake, akauamuru kama alivyouamuru ukutani. Inua. Ukapanda hadi kifuani, ukagoma. Jasho likamtiririka hadi kwenye buti. Aliona uchungu wa kushinda na kushindwa kwa wakati mmoja.

Luvsan, bado ameinama, alisema kwa sauti ya chini, "Sodnom, mgongo wangu si wa kijana. Acha kuutazama huo mkono. Nitazame mimi, napita."

Akaanza kutembea. Hakusubiri.

Sodnom akakitazama kile kichwa kinachomjia, upara ulioanza katikati, jani lililoganda sikioni. Huyu alikuwa amemtupa na kutupwa naye miaka yote, na sasa alikuwa anakuja kwa heshima zote mahali ambapo hapakuwa na kitu. Akampenda. Mkono ukaondoka. Hakuna aliyeuamuru. Ulipita kifua, ukapita bega, ukafunguka, na Luvsan akapita chini yake bila kuguswa unywele.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," alinung'unika akijinyoosha. "Haya, ruka, unangoja nini?"

Sodnom akaruka. Aliizunguka bendera kwa mabawa mawili, akilia bila kujificha, na uwanja mzima ulipiga kelele ambazo farasi wa mbali walizisikia.

Baadaye alimfuata Narmandakh na kumwambia kwamba sasa anayo majibu ya lile swali. Mkono huu kazi yake ilikuwa kupitisha watu.

"Na ukutani," alisema Narmandakh, "hapakuwa na mtu wa kupita."

Juma lililofuata alama zilikuwa zimefutwa. Bibi mmoja ambaye vidole vyake vilikataa kuminya mpira wa mazoezi alipelekwa nyuma ya hospitali, akakuta mbuzi amefungwa hapo, chuchu zimejaa, na ndoo tupu kando yake. Alimsonya Narmandakh, akauliza kama siku hizi hospitali imekuwa zizi. Kisha akachuchumaa, kwa sababu mbuzi aliyejaa maziwa haachwi hivihivi.

Ndoo ilijaa.