Klachi ya Pontiac

Arlene Pietrowski alishachoka kubembeleza. Kesho mnunuzi anakuja na tela kulichukua Pontiac GTO jekundu, gari ambalo Chester alimchumbia nalo, na tangu siku hiyo hajamwachia usukani hata mara moja. "Klachi yake ngumu, mke wangu." Sasa magoti ya mwenyewe yanalia kila akiikanyaga, basi eti liuzwe! Arlene, aliyeendesha lori la maziwa mpaka akastaafu! Ilimuuma, acha tu.

Siku hiyo ya maonyesho, Barabara ya Woodward ilikuwa imefurika magari ya zamani, wenyewe wamejikalia pembeni kwenye viti vya kukunja, wanakula soseji na kupiga soga. Chester alikuwa ameegesha GTO nyuma yake, amevua koti, kalitundika kitini, funguo zimo mfukoni. Arlene akazichomoa, kisha akamnong'oneza jamaa mmoja mwenye kofia: "Hebu muulize yule mzee GTO ilianzaje."

Maskini, hakujua anajitakia nini.

"Mwaka wa sitini na nne!" Chester akawaka, mgongo kaupa gari. "Wakubwa wa kampuni hawataki injini kubwa kwenye gari dogo, wahandisi wakaipenyeza kama kikorombwezo tu cha kulipia zaidi! Wateja wakaigombania!"

Alipofika sitini na nane, watu wamemzunguka, na Arlene keshaingia, kasogeza kiti mbele. Gari likanguruma. Chester hata hakugeuka. Aliinua kidole, kafumba macho.

"Sikieni! Hiyo ni ya sabini, injini ile kubwa, haijachakachuliwa!"

Arlene akalisogeza polepole hadi nyuma yake, dirisha wazi.

"Na dereva wake ni fundi," Chester akaendelea. "Mmesikia klachi alivyoiachia? Laini kama siagi. Huyo hajaanza leo."

Yule wa kofia akakohoa. "Mzee, si gari lako hilo?"

Chester akageuka. Akapapasa mifuko ya suruali, akatazama koti, akamtazama mkewe. Watu wakavunjika mbavu.

"Rudia hapo kwenye klachi," Arlene akasema.

"Arlene, jamani..."

"Rudia, hawa wa nyuma hawakusikia."

Chester akachukua koti lake. Akazunguka akichechemea hadi upande wa abiria, akapanda, akafunga mkanda.

"Na sabini na nne je, mzee?" jamaa akauliza. "Ndiyo ilikuwa ya mwisho?"

Chester akapekua koti. Alikuwa anatafuta simu yake.

"Yule mnunuzi," akasema kwa sauti ndogo. "Nimwambieje?"

Arlene akatia gia. "Mwambie dereva bado hajashuka."