Bamba la Tano

Kipande cha chuma kisichozidi kiganja kilikaa miaka kumi na moja kwenye droo yangu ya chini, nimekiviringisha kwa kitambaa cha kufutia grisi. Ukingo mmoja una mshono wa kuchomelea, mnyoofu, mzima. Ukingo wa pili umechanika. Mtu yeyote wa karakana angekitazama mara moja akajua kosa si la mchomeleaji, na ndiyo maana nilikificha.

Mchomeleaji alikuwa mjomba wangu, aliyenisomesha. Mimi nilikuwa injinia mpya katika kiwanda cha kukausha mbao. Nilichora bomba kubwa la hewa ya moto, ndani yake mabamba saba yaliyosimama sambamba, ya kuunyoosha upepo wa feni. Mjomba aliyachomelea nilivyochora, shingo upande.

Siku ya majaribio bomba liliimba. Tukaongeza kasi ya feni, lakini sauti haikupanda. Iling'ang'ania pale pale, ikazidi ukali tu, mpaka meno yakatuwasha. Mjomba akaweka kiganja juu ya bomba.

"Huu si mluzi," akasema. "Mluzi ungepanda na feni. Upepo unapiga mapigo ukiyaacha mabamba, na bomba linaitikia. Hao wameshapatana, hata mshenga hawamhitaji. Niruhusu nilikate fupi bamba moja, niwagombanishe."

Mafundi wote walikuwa wananitazama.

"Mjomba, hesabu nimepiga mimi. Wewe choma tu."

Wakacheka. Naye akatabasamu, akaondoa mkono.

Siku ya tatu bamba la tano likakatika, likaruka na kupasua mlango wa tanuri. Hakuna aliyeumia. Nilikuwa wa kwanza kufika, nikakiokota kipande kikiwa bado cha moto. Kwenye ripoti niliandika maneno mawili: mshono uliachia.

Mjomba alifukuzwa wiki ile ile. Kila karakana aliyobisha hodi ilikuwa imeshasikia. Mimi aliniuliza jambo moja tu: "Kile kipande mlikiona?"

"Hatukukiona, mjomba."

Mwezi uliofuata nililikata fupi bamba moja, kimyakimya, na bomba likanyamaza. Nikapandishwa cheo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na ofisi yenye zulia. Niliona aibu kila nilipovuta droo, kisha nikajifunza kutoivuta.

Mwezi uliopita nilimpelekea mjomba kile kipande. Nilimkuta kibarazani akiziba sufuria ya jirani, macho yamefifia, sikio la kulia limekufa kwa miaka ya nyundo. Nilimwekea kipande mkononi. Kidole gumba kikatembea juu ya mshono, taratibu, mpaka mwisho. Kikavuka. Kikaukuta ufa.

"Mama watoto!" akaita. "Njoo uone! Mshono wangu haukuachia!"

Alilia bila kujificha. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Asante, mwanangu. Kumbe miaka yote hii ulikuwa unanitafutia."

"Sikukitafuta," nikasema. "Nilikuwa nacho."

Nilisema hivyo kwa sauti ya chini, nikiwa nimekaa kuliani kwake. Nilikuwa nimeuchagua upande huo tangu naingia.

"Unasemaje?"

"Nasema mshono ni mzuri, mjomba!" nikapaza sauti.

Akacheka, akakipapasa tena. Nilipogeuka, mkewe alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai alichokuwa ananiletea. Masikio yake yeye yalikuwa mazima.